Keshi, kadi ya benki, kadi pepe ya kwenye simu au TT (kutuma hela benki kwa benki): ukienda Dubai kuchukua mzigo, hela uibebe vipi?

Kila nikirudi Dubai lazima mtu aniulize, "Dada, hivi nibebe dola mkononi au niache tu kwenye kadi?" na mimi huwa namjibu kwa voisi za WhatsApp dakika nne nne huku nafungua mabelo, mwisho anasikia nusu, anaenda huko anakatwa, anarudi kunilaumu mimi. Leo naandika yote. Nauza abaya na mashuka Kariakoo, mambo ya benki sikuyasomea, haya ni ya mtu aliyekatwa sana mpaka akajua anakatwa wapi.

Na swali lenyewe la keshi au kadi limekaa vibaya. Safari moja ina hela za aina nne, kuna hela ya mzigo, hela ya chumba, hela ya kula na kuzunguka, halafu kuna hela ya matatizo, ile unaomba Mungu usiiguse. Kila moja ina njia yake inayokula makato kidogo, na ukizichanganya zote njia moja lazima sehemu fulani utaliwa tu.

Tuanze na dirhamu maana ndo inayorahisisha hesabu. Imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja ni dirhamu 3.6725 na haitikisiki, leo hivyo mwakani hivyo. Maana yake ukishakuwa na dola mkononi, Dubai hakuna mtu wa kukuliza sana, duka la kubadilisha hela pale Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, likikupa 3.66 au 3.65 liko sawa, likikupa 3.55 toka nenda la pili yake, yamepangana kama vibanda vya miamala. Hasara kubwa ya mtu wa Dar inatokea huku huku nyumbani, pale shilingi inapogeuka dola. Anayeenda Istanbul kule Laleli au Merter hesabu yake ni nyingine kabisa, lira inayumba, huyo asibadilishe hela yote siku ya kwanza, abadilishe anavyotumia. Na anayeenda Muscat kwa ndugu zake ajue riali ya Oman nayo imefungwa kwenye dola ila ni nzito, riali moja ni kama dola 2.60, so ukiona abaya ya riali 20 usishangilie, hiyo ni dola 52.

Haya, keshi.

Dola za mkononi kwa hela ya mzigo bado hazijapata mpinzani, hasa kama mzigo wako ni wa kuokoteza maduka kumi tofauti pale Naif na Sabkha, masoko ya Deira, na siku moja Dragon Mart, ile mol ya bidhaa za Kichina. Wale wauzaji wa jumla ukitoa kadi wengi watakuambia ongeza asilimia mbili, au tatu, maana mashine inawakata wao. Ukitoa keshi unaanza kupatana upya, unapiga hesabu kwenye kikalkuleta chake, anafuta, unaandika yako, anacheka, mnamalizana. Kadi haina huo mchezo, bei inayotoka ndo hiyo.

Ila keshi ina masharti. Noti ziwe mpya, na mia mia. Huku kwetu byuro wanakupa reti nzuri ukiwauzia noti za 100 na 50, hizo za dola moja, tano, kumi wananunua kwa bei ya kukuonea huruma, na noti za zamani zile za kichwa kidogo wengine hawashiki kabisa. Wakati wa kununua hakikisha unapewa mia za bluu, zile zilizoanza kutoka 2013 zenye utepe katikati. Kagua noti moja moja pale pale dirishani, mtu nyuma yako anahema mwache aheme. Safari yangu ya pili nilibeba noti moja imegongwa kimuhuri kidogo cha zambarau pembeni, sijui cha nani, kadogo kama punje ya mchele, yule kaka wa Deira akaigeuza, akainyanyua kwenye taa, akanirudishia na kidole kimoja kama naambukiza. Maduka matatu hivyo hivyo. Nilirudi nayo Dar nikaiuza kwa hasara.

Ulinzi wake ndo mnaujua, mkanda wa tumboni, mama zetu walisema hamadi kibindoni na hawakukosea. Ila usiweke zote sehemu moja, na usitembee na zote. Chumba chenye sefu ya kuweka namba kinatosha, toa za siku hiyo tu.

Halafu kuna viwango vya kutangaza, hapa watu wanaogopa bure. Tanzania ukitoka au kuingia na zaidi ya dola 10,000 keshi au sawa na hiyo unajaza fomu forodha. Emirates (UAE, nchi ambayo Dubai imo) wao wanataka utangaze kuanzia dirhamu 60,000, kama dola 16,300 hivi. Uchina ni dola 5,000 tu, kumbukeni hiyo nyie wa Guangzhou. Kutangaza hakukatwi kodi, ni fomu tu. Kinacholiza watu ni kuficha, ukikamatwa nazo kwenye soksi hujatangaza hapo ndo zinachukuliwa, na maelezo utayatoa umekaa chumba kidogo kisicho na dirisha. Na risiti ya byuro au benki uliponunulia dola tunza, mtu akikuuliza hela imetoka wapi unatoa karatasi.

Upande wa kadi sasa. Hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wanaliwa wakiwa wanatabasamu.

Kadi tunazotembea nazo wengi ni ya akaunti ya shilingi, ina nembo ya Visa au Mastercard, mshahara au mauzo yanaingia humo. Ukiswaipu Deira dirhamu 1,000, kwanza inageuzwa dola, halafu benki yako inageuza dola kuwa shilingi kwa reti yake yenyewe (ambayo huwa juu ya reti ya byuro), halafu wengi wanaongeza asilimia yao ya muamala wa nje. Meseji inaingia umekatwa, unaangalia kiasi, unajiambia aah sawa tu, kwa sababu hauna muda wa kupiga hesabu na teksi inasubiri.

Ya pili ni kadi ya akaunti ya dola. Benki nyingi zetu wanafungua akaunti ya dola na kukupa kadi yake, baadhi wana hata kadi ya kupakia kabla yenye sarafu kadhaa. Ubora wake unanunua dola siku ambayo reti imekaa vizuri, hata miezi miwili kabla, unaweka, ukiswaipu kule inatoka dola kwa dola na dirhamu ilivyofungwa hakuna mshangao. Asilimia ya muamala wa nje bado inaweza kuwepo, uliza kabla, uliza kwa maneno haya: "nikiswaipu nje mnakata asilimia ngapi, na nikitoa ATM ya nje mnakata shilingi ngapi kila mara?" Wakikuambia "inategemea" omba karatasi ya ada, wanayo, iko hata kwenye tovuti zao.

Sasa kuna kitu mashine inakuuliza. Unaweka kadi, mhudumu anakugeuzia kimashine, kwenye kioo kuna machaguo mawili: ulipe AED 1,000 au ulipe TZS kiasi fulani. Moyo wa mtu unakimbilia shilingi, si ndo ninazozijua jamani, naona kabisa naingia kiasi gani. Hapo hapo ndo umeliwa. Ukichagua shilingi, anayegeuza hela siyo benki yako tena, ni kampuni ya ile mashine, na reti yao wanajipangia, huwa wanapachika asilimia kadhaa juu, na duka linapata mgao wake ndo maana wahudumu wengine wanakubonyezea wenyewe bila kukuuliza. Na cha kuudhi, benki yako inaweza bado kukata asilimia yake kwa sababu duka liko nje ya nchi. CHAGUA SARAFU YA NCHI ULIYOPO. Daima. Dubai dirhamu, Istanbul lira, London pauni. Ile mashine ya ATM nayo inauliza hivyo hivyo, inakuandikia reti yao halafu inakuuliza unakubali ubadilishaji huu, we bonyeza kukataa, usiogope, hela itatoka tu, kukataa ni kukataa reti yao.

Ngoja nipige hesabu ili msione naongea hewani. Namba za reti na asilimia hapa ni za mfano tu, we weka za siku yako. Tuseme byuro wanakuuzia dola kwa 2,600, benki yako kwenye kadi inatumia 2,650, asilimia ya muamala wa nje ni 2.5, na ile mashine ya kijanja inapachika asilimia 6 juu ya hiyo 2,600. Unataka kulipa dirhamu 1,000.

Keshi: kwa reti ya Deira ya 3.66 unahitaji dola 273.2, shilingi kama 710,000.
Kadi ya dola: dola 272.3 jumlisha ile 2.5, inafika 279.1, kama ulinunua dola zako kwa 2,600 ni 726,000 hivi.
Kadi ya shilingi, umechagua dirhamu: 740,000 kasoro kidogo.
Kadi ya shilingi, umechagua shilingi kwenye mashine: 750,000, na benki yako ikikata na yake unafika 769,000.

Kutoka juu mpaka chini ni karibu elfu sitini kwa kila dirhamu 1,000, mzigo ule ule, duka lile lile. Mtu wa mzigo wa dirhamu 20,000 zidisha mwenyewe, mimi sitaki kuumia tena.

Lakini ona pia upande wa pili, kati ya keshi na kadi ya dola tofauti ni elfu kumi na sita hivi kwa huo mfano, na hiyo elfu kumi na sita kuna siku inafaa kuilipa. Mkanda wa tumbo ukipotea umepotea na hela yote. Ukiibiwa kadi unapiga simu, inafungwa, hela ipo. Mie hela ya chumba na kula naweka kwenye kadi ya dola bila kinyongo.

Kuhusu ATM ya kule, ni ya dharura. Makato yanakuja mara mbili, benki yako inakata kiasi fulani kila ukitoa, na ile ya kule nyingi zinakata na zao, hayo yote hayajali umetoa kidogo au nyingi. So anayetoa dirhamu 100 kila asubuhi anajichinja, kama huna jinsi toa mara moja ya kutosha siku nne. Na tumia ATM iliyo ndani ya benki au mol mchana, ikimeza kadi kuna mtu wa kumwambia.

Chumba sasa, hiki kisa kimenikuta mwenyewe. Nilifika hoteli moja ya kawaida tu, chumba nimeshalipia mtandaoni, dada wa mapokezi akaomba kadi ya dipoziti, nikampa kadi yangu ya mauzo, akaswaipu dirhamu 500. Akasema madam usijali, hatujachukua, tumeshikilia tu. Kweli hawakuchukua. Ila kushikilia kwenye kadi ya akaunti yako ni kwamba hela ipo lakini huwezi kuitumia, na mimi ndo ilikuwa hela ya kulipia kago. Nimetoka hotelini, nimefika Dar, nimeanza kuuza, ile hela ilifunguka siku ya kumi na nne. Hoteli wanasema waulize benki, benki wanasema waulize hoteli. Tangu siku hiyo dipoziti natoa keshi dirhamu, naandikiwa risiti, nikiondoka narudishiwa noti zangu. Mwenye kadi ya mkopo, kredit ile kweli, ndo hapo inafaa, wanashikilia mkopo siyo hela yako, lakini wafanyabiashara wengi wa saizi yangu hatuna na sioni sababu ya kuitafuta kwa ajili ya hilo tu. Na usishtuke wakikudai tena dirhamu kadhaa kwa kila usiku mlangoni, hiyo ni tozo ya utalii, ni kati ya 7 na 20 kwa chumba kutegemea nyota za hoteli, mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni.

Kabla hujapanda ndege fungua kadi kwa matumizi ya nje. Kuna benki kadi inatoka imefungwa nje ya nchi, unafungua kwenye apu au unapiga simu. Na OTP! Hili dogo linaua safari za watu. Ukilipa kitu mtandaoni benki inatuma namba za uthibitisho kwenye laini yako ya Tanzania, na laini yako umeitoa umeweka ya kule kwa ajili ya bando. Mwaka mmoja nilitaka kusogeza tarehe ya tiketi, mzigo ulichelewa, niko kwenye ngazi za hoteli saa tano usiku najaribu kulipia, kila nikibonyeza wanasema namba zimetumwa, zimetumwa wapi, laini iko kwenye pochi imefungwa kwenye kijikaratasi. Nikairudisha, romingi haijawashwa, na kuiwasha unatakiwa uwe umeshaiwasha kabla ya kutoka. Mdogo wangu Mbagala ndo alinilipia kwa simu yake. Sasa hivi natumia simu ya laini mbili, ya nyumbani inabaki humo humo na romingi ya meseji, intaneti natumia ya laini ya kule au eSIM, data ya ile ya nyumbani nazima kabisa.

Kadi pepe za simu nazo zipo, watu wananiuliza sana. Kenya Safaricom walitoa M-PESA GlobalPay na Visa mwaka 2022, na huku mitandao yetu ina za kwake, unatengeneza kadi ndani ya menyu ya simu, ina namba kumi na sita na tarehe ila plastiki hakuna. Kwa kulipia hoteli mtandaoni, tiketi, viza, nzuri mno, na ni salama kuliko kugawa namba za kadi yenye mauzo yako yote maana unaweka kiasi kile kile unachohitaji. Ukifika kule dukani ndo haina kazi sana, huwezi kuitia ATM, na hoteli ikitaka kuona kadi uliyolipia utawaonyesha simu, wengine wanakubali wengine wanakukodolea macho. Angalia reti wanayokugeuzia kabla ya kubonyeza ndiyo, huwa siyo rafiki. Basi, hiyo ni ya maandalizi, safari yenyewe ina vyake.

Kwa mzigo mkubwa, wa msambazaji mmoja, kontena au nusu kontena, achana na mambo ya mkanda wa tumbo. TT. Unaenda benki na invoisi yake, jina la kampuni, akaunti, namba ya Swift inayotambulisha benki yake, wanatuma dola, inafika siku moja mpaka tatu hivi za kazi. Kumbuka Emirates tangu Januari 2022 wikendi yao ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa serikalini nusu siku, so ukituma Alhamisi jioni usimpigie mtu simu Ijumaa ukimwita tapeli. Ada ya TT ni ya mara moja, kwenye dola 500 inauma, kwenye dola 15,000 huioni. Kinachosumbua ni benki za katikati, unatuma 15,000 inafika 14,970, msambazaji anakuambia pungufu, hakuachii mzigo. Pale kwenye fomu kuna sehemu ya kuchagua nani analipa makato, chagua ulipe wewe yote kama mmekubaliana afike kamili. Na jina la kampuni kwenye invoisi lifanane na jina la akaunti, herufi kwa herufi. Akikuambia "tuma kwa akaunti ya mke wangu" funga kitabu uondoke.

TT inakuachia karatasi, na karatasi ni mali. Ukija kwenye kodi na forodha unaonyesha ulilipa kiasi gani, ukigombana na msambazaji unaonyesha. Keshi ya Naif haina shahidi zaidi ya kirisiti kilichoandikwa kwa kalamu inayofutika na jasho. Wapo wanaotumia njia ya mtu kwa mtu, unampa shilingi jamaa Kariakoo, binamu yake Deira anakupa dirhamu, reti tamu kweli, sikatai. Ila siku binamu asipopokea simu huna pa kwenda kushtaki, mimi nimeona mama mzima analia ngazini. Hiyo sikushauri.

Nyie wa Guangzhou na Yiwu, kwenu haya yote yanageuka juu chini. Kule hata kadi ya plastiki ya Visa madukani hawana habari nayo, muuza maandazi ana karatasi ya kuskani. Pakua apu ya kulipia, Alipay au WeChat, ukiwa bado Dar, unganisha kadi yako, thibitisha na pasipoti, OTP ije ukiwa nyumbani. Wamerahisisha sana kwa wageni kuanzia 2023, na 2024 wakapandisha kikomo cha muamala mmoja mpaka dola 5,000. Malipo yasiyozidi yuani 200 hawakukati, yakizidi hapo wanaongeza asilimia 3, so teksi, chakula na metro lipa humo kwa raha, mzigo lipa kwa TT au keshi uliyotangaza. Halafu Gmail kule haifunguki kwa intaneti ya kwao, kama benki yako inatuma uthibitisho kwa barua pepe utakwama, laini ya nyumbani yenye romingi ndo inakuokoa maana data yake inapita nyumbani.

Ndugu zetu mlioko Uingereza na Ulaya na kadi zenu za Revolut na Wise, nyie kadi inashinda keshi karibu kila mahali, reti mnayopata sisi tunaiota tu. Mnachotakiwa ni kukumbuka ile ya mashine kuuliza sarafu, hilo linawahusu vile vile, na Revolut mpango wa bure wanaongeza asilimia wikendi soko likiwa limefungwa, badilisheni Ijumaa. Mkija Zanzibar lakini msije na kadi tu mkidhani mpo Canary Wharf ya London, Nungwi kuna maduka mashine inakaa kwenye droo imezimwa.

Sasa mimi nagawaje? Safari ya juzi nilikuwa na dola 6,000 za mzigo. Keshi 4,000, mia mia, nusu mwilini nusu kwenye sefu, nyingine 2,000 nilituma TT kwa yule mmoja ninayechukua kwake mashuka kila mara. Kadi ya dola ilikuwa na 700 ya chumba, kula na Careem (teksi za kuita kwa apu). Kadi ya shilingi niliiacha chini ya begi, humo ndo hela ya matatizo, sikuigusa. Uwanja wa ndege nilibadilisha dola 50 peke yake, reti ya pale ni ya watu waliochoka, nyingine nikabadilisha Deira asubuhi yake. Kadi ya metro, Nol ile ya fedha, dirhamu 25 na 19 zinabaki ndani unazitumia, ila ukitua Terminal 2 metro haifiki pale, weka ya teksi.

Ukinunua vitu vya kwako kwenye maduka makubwa kuanzia dirhamu 250, uliza kurudishiwa VAT, ni asilimia 5, wanaskani pasipoti, uwanjani unathibitisha kabla hujakabidhi begi wanakurudishia kwenye kadi au keshi wakishatoa ada yao. Nenda mapema, foleni ya pale siku ya Jumapili ni kama ya kivuko Kigamboni saa kumi na mbili jioni.

Zinazobaki, dirhamu usirudi nazo nyingi Dar, byuro huku wananunua kwa bei mbaya na sarafu za chuma hawagusi. Zigeuze ziwe dola pale pale Deira siku ya mwisho, utapoteza kidogo sana. Chuma malizia maji na chokoleti za watoto. Mimi huwa nabakiza dirhamu mia mbili, nazikunja ndani ya kava la pasipoti nyuma ya kadi ya chanjo ya manjano, safari ijayo nikitua saa nane usiku sitafuti dirisha la mtu.